Usilinyweshe Gari Dawa, Dada

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na uipokee kwa mikono miwili, maana anayekuamkia leo si yule mdogo wako uliyemwacha akilamba sufuria. Anayekuamkia ni fundi ambaye injini zikimwona kwa mbali zinajiwasha zenyewe kwa heshima. Mwezi uliopita nilishusha giaboksi ya lori nimefumba macho, mkono mmoja umeshika kikombe cha chai, na chai haikumwagika hata tone. Wapo wanaosema ilimwagika. Hao wana wivu, usiwasikilize, na mmoja wao ni Mama.

Habari za huko? Mgongo wako unaendeleaje na kule kuinama kwenye vitanda vya wagonjwa kutwa nzima? Na yule jirani yako wa redio, ameshapunguza sauti au bado mnasalimiana kwa kugonga ukuta? Sisi huku miili haijambo. Mama anakusalimu, anasema umekonda. Ameonaje kutoka huku, mimi sijui, lakini ndivyo alivyoamua. Baba naye anakusalimu, ingawa salamu zake siku hizi zinatoka kwa shida, kwa sababu utakazoziona barua ikisonga mbele. Mimi mzima kama boliti mpya.

Barua yako niliipata Jumatatu. Niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa, ili hasira isinipeleke kwako kwa miguu. Unasema gari lako limeanza kula oili, na asubuhi ukiliwasha linatoa moshi wa bluu. Unasema muuguzi mwenzako amekushauri ununue chupa ya dawa ya injini, uimimine humo, injini irudi ujana. Halafu unaniuliza mimi, kwa mwandiko wako ule wa mtu aliyemaliza madarasa yote, kama dawa hizo zinasaidia au hazisaidii.

Dada! Wewe wa hospitali? Wewe uliyenikimbiza na ufagio nilipokunywa dawa ya kikohozi ya Bibi kwa sababu ilikuwa tamu, ukasema dawa bila ugonjwa ni sumu? Leo unataka kulinywesha gari kitu ambacho hata hujui kimetengenezwa na nini, kwa ushauri wa mtu anayejua kuchoma sindano? Mimi nimewahi kuja wodini kwenu kuwaelekeza sindano iingie wapi?

Basi kaa chini, shule yako iweke pembeni, mimi niliyeishia darasa la saba nikufundishe. Pistoni ndani ya silinda ni kama mchi ndani ya kinu kilichoubana. Imevishwa ringi, nyembamba kama bangili za mtoto, na kazi ya ringi hizo ni kukwangua oili isipande juu ikaungua. Gari likizeeka ringi zinalika, kinu kinapanuka, oili inapita, moshi unatoka. Sasa niambie, ni uji gani utakaomimina humo urudishe chuma kilicholika? Mtu aking'oka jino, ukimnywesha uji linaota?

Oili yenyewe, ukinunua nzuri, imeshatiwa viungo vyote huko kiwandani na watu waliopima kwa vipimo. Kuongeza chupa ya mtaani ni kama kupita nyuma ya mpishi na konzi ya chumvi. Zipo dawa za kuifanya oili iwe nzito. Hizo kweli moshi utapungua na kelele zitashuka, kwa wiki mbili, kwa wiki tatu, lakini kinacholika kinaendelea kulika, ila sasa kinalika kimya kimya. Wewe unamjua mgonjwa wa namna hiyo kuliko mimi: tumbo linamuuma, anameza vidonge vya maumivu, anacheka na wageni, kesho analetwa kwenu amebebwa. Zipo nyingine za kusafisha. Hizo zinabandua masizi ya miaka kumi kwa mpigo mmoja, masizi yanakwenda kuziba chujio kule chini, na injini inakufa kwa kiu ilhali oili imejaa. Na zipo za kulainisha mipira inayozuia kuvuja. Hizo, nasema haki, maana hata adui nampa haki yake, zinaweza kukuchelewesha kidogo kama tatizo lako ni tone moja moja sakafuni. Kuchelewesha, Dada. Sikusema kuponya.

La kwako ni jepesi, na nimelijua kwa kusoma barua tu, ndiyo uone mdogo wako alipofika. Moshi ukitoka asubuhi halafu ukakatika, ugonjwa hauko kwenye ringi. Ni vile viraba vidogo vya vali, kule juu ya pistoni, vimekauka, oili inashuka usiku gari likiwa limelala. Tafuta fundi mzima abadilishe viraba. Na kila Jumatatu chomoa kile kijiti utazame kiwango cha oili, usisubiri taa nyekundu. Ile taa haikuonyi. Ile inakuja kutoa rambirambi.

Sasa utauliza mbona nimewaka hivi kwa swali dogo. Nimewaka kwa sababu swali lako limenikuta na kidonda. Gari la Baba limekufa.

Ndiyo, lile lile jeupe ulilomnunulia kwa mishahara yako ya mwanzo, siku aliyosema machozi yake ni vumbi la barabarani. Lile aliloandika mwenyewe ubavuni kwa brashi JIFUNZE UDEREVA, herufi za mwanzo nene kama ndizi, za mwisho zimebanana kama watu kwenye benchi kwa sababu mlango ulimwishia. Unajua alivyo na lile gari. Unajua mwanafunzi wake anakaa siku tatu kwenye usukani bila kuwasha injini, anafundishwa kutazama kioo tu, na akilalamika anaambiwa barabara haina haraka, mwenye haraka ni kaburi. Na unajua neno lake analowaambia wote: ukiwasha taa ya kushoto, pinda kushoto, maana umeshawaahidi watu. Nusu ya madereva wa mji huu wamepita mikononi mwake. Sasa gari limefunikwa turubai nyuma ya gereji yetu, na mwalimu wa udereva anakwenda sokoni kwa miguu, na wanafunzi wake wa zamani wanampigia honi ya heshima wakimpita. Kila honi inamkata.

Ilianza hivi. Kama miezi miwili iliyopita gari lilianza kugonga, tok tok tok, likipanda mlima. Baba akalileta gereji. Bosi wangu unamkumbuka, yule mzee tunayemwita Taratibu, mtu ambaye kabla ya saa sita mchana hutamka maneno mawili, na yote mawili ni jina lake. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye injini, mpini akautia sikioni, akafumba macho kama mtu anayesikiliza taarifa ya msiba redioni. Akasogeza, akasikiliza tena. Halafu akamwambia Baba kwamba sauti inatoka chini, beringi zinazobeba mhimili wa injini zimekwisha, gari lisitembee hata hatua moja mpaka injini ishushwe na kufunguliwa.

Ungemwona Baba. Alikuwa na mwanafunzi wake mmoja mshonaji, mama wa miaka sitini, anayezungusha usukani kama anayekunja jora la kitambaa. Wote walikuwa wamemcheka mama huyo, wanawe wakiwa mstari wa mbele, wakimwambia akalee wajukuu. Baba alikuwa amempa ahadi kwamba mtihani wa leseni wa mwisho wa mwezi ataufanya na atafaulu. Injini ikishushwa mtihani umekwenda. Baba alilipapasa gari juu ya taa, kama anavyopapaswa mtoto mwenye homa.

Hapo ndipo mimi niliposimama. Nikachukua bisibisi yangu, nikasikiliza, nikatangaza mbele ya gereji nzima kwamba sauti inatoka juu, ni vali tu zimelegea, na nipewe alasiri moja. Nikaongeza, maana unanijua, kwamba masikio ya mzee yamejaa vumbi la miaka na labda nayo yanahitaji kubadilishwa oili. Watu walicheka mpaka mchomeleaji akavua miwani yake. Mzee Taratibu hakucheka wala hakukasirika. Alisema taratibu, akaenda zake.

Nilizikaza vali alasiri hiyo. Asubuhi yake Baba alipowasha, injini ilikoroma kama paka aliyeshiba. Tok tok hakuna. Mzee Taratibu alikuja na bisibisi yake, akasikiliza muda mrefu kuliko mara ya kwanza, akajikuna kichwa. Halafu, Dada, mzee yule wa maneno mawili alisema maneno kama arobaini. Aliwaita wote waache kazi, akasema jana alikosea, kijana amemzidi, na mtu mzima akizidiwa anasema. Akanipa mkono. Siku hiyo Baba alitembea na mimi kurudi nyumbani kwa miguu ilhali gari lipo, ili tu wauza duka wote wa njiani watuone tuko pamoja.

Wiki tatu gari lilikwenda. Wiki ya nne, kwenye ule mlima wa tangi la maji, mshonaji yuko kwenye usukani, Baba pembeni anamwambia ashushe gia, ukasikika mlio kama nyundo imeangukia bati. Gari lilinoki. Mkono wa pistoni ulitoboa ubavu wa injini ukachungulia nje, oili ikamwagika kwenye lami. Magari ya nyuma yakapiga breki. Hakuna aliyeumia, tumshukuru Mungu, lakini yule mama aliamini ni yeye aliyeua gari kwa kukosea gia. Alikaa ukingoni mwa barabara akalia, kiatu kimoja mkononi. Baba alimhakikishia kwamba si yeye. Hakusadiki. Tangu siku hiyo hajarudi, na nasikia wanawe wamepata cha kusimulia.

Gari likavutwa mpaka gereji. Mzee Taratibu akafungua nati ya chini kukinga oili iliyobaki, na iliyotoka haikuwa oili. Ilikuwa inavutika kama kamasi za mtoto. Akaichukua kwa vidole viwili, akaitanua, akainusa, akasema hii imetiwa dawa, tena si kidogo. Dawa nzito, ya kunyamazisha. Ndiyo maana yeye na bisibisi yake hawakusikia kitu siku ile. Beringi zilikuwa zinalika tangu mwanzo, ila zilikuwa zimezibwa mdomo.

Akamuuliza Baba kama aliimimina yeye. Baba akasema hajawahi kuigusa chupa hiyo maishani. Akanigeukia mimi. Nikaruka juu! Nikamwambia mimi tena? Mimi ninayezipinga dawa hizo mchana na usiku, mimi niliyemwambia kila mtu humu kwamba ni uji wa matapeli?

Ndipo jina likatajwa, na hapa naomba unishike mkono nisitukane. Mlangoni kwetu yuko mtu mmoja tunamwita Bwana Chupa. Ana meza, ana mwavuli, na amevaa koti jeupe. Koti jeupe, Dada, kama daktari wenu wa zamu! Juu ya meza kapanga chupa za kila rangi, na ana kimashine chake kidogo chenye gurudumu na mkono wa chuma. Anatia oili ya kawaida, anabonyeza, gurudumu linapiga kelele kama nguruwe. Anatia dawa yake, anabonyeza, kimya. Watu wanapiga makofi. Wala hawajiulizi kama injini ya mtu ni gurudumu moja mezani, baridi, bila moto, bila vumbi, bila mlima wa tangi la maji. Siku nyingi amekuwa akimnyoshea Baba chupa ya bure, ajaribu tu, na Baba anaikataa. Na Baba kila Ijumaa huliacha gari hapo kando ya ile meza likioshwa, vioo chini, funguo ndani, kwa sababu anaamini watu.

Basi Baba akaunganisha mambo hayo. Akasema Chupa alichoka kukataliwa, akaimimina mwenyewe kwa siri ili gari likinyamaza aje aseme unaona? Gereji yote ikasema ndiyo, ni yeye huyo, nani mwingine. Wakamfuata mezani, na mimi nikiwa mbele, sauti yangu juu ya zote. Kwanza alicheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akasema hajawahi kufungua boneti ya Baba. Akaulizwa, basi kama si wewe, chupa hiyo ulimuuzia nani? Akasema yeye hawataji wateja wake. Akaulizwa mara ya pili, mara ya tatu, akakunja mikono ya lile koti akasema hata mkiivunja meza, wateja wangu siwataji. Umeona kiburi hicho? Mchomeleaji alisema mwizi naye hamtaji aliyempa ngazi.

Pale pale Baba akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Unajua hapendi viapo. Unajua alivyokukataza hata kusema haki ya nani. Aliinua mkono wa kulia mbele ya watu wote, mafundi, waoshaji magari na wapita njia, akasema katika nyumba yake hakuna mkono uliomimina kitu hicho, si wake wala wa mwanawe, na kama anasema uongo, basi asishike tena usukani mpaka afe.

Kesho kutwa Jumamosi kuna kikao cha wote wenye kazi pale kwenye uwanja wa gereji. Chupa ataondolewa na meza yake, na habari zitatumwa gereji zote za mji asipokelewe popote. Ana watoto wanne, lakini hilo walisema angelifikiria mapema. Baba atasimama kukirudia kiapo chake. Na mimi nimechaguliwa kueleza ubaya wa dawa za injini, kwa sababu nina maneno. Yale ya mchi na kinu, ya jino na uji, ya rambirambi, ndiyo hotuba yenyewe. Nilikuwa najipima kwako nione kama inapendeza.

Inapendeza. Na kila neno la kuhusu dawa ni kweli, usije ukadhani nalibadilisha.

Lakini nilipofika hapa, Dada, nimeweka kalamu chini mara tatu. Nimekwenda kunywa maji. Mama ameniuliza kama naumwa. Sasa naandika harakaharaka kabla ujanja wangu haujanirudia.

Siku ile ya bisibisi, sauti ilitoka chini. Nilisikia. Masikio yangu hayana ubaya wowote. Ilikuwa chini kabisa, mahali pale pale mzee alipopasema, na hata mtoto wa chekechea angeisikia. Lakini nilikuwa nimemtazama Baba akilipapasa gari, nikatamani kuwa mtu anayemwondolea Baba shida mbele ya watu. Na nilitamani vilevile, nisijifanye malaika, kumshinda mzee. Neno vali likatoka. Likishatoka lingerudi vipi? Nilizikaza vali mpaka jua likakaribia kuzama, nikawasha, tok tok iko pale pale, inanicheka. Wenzangu walikuwa wananawa mikono.

Nikatoka nje kwa Chupa.

Sasa sikia jambo ambalo watu wa mjini hawalijui. Wateja wa Chupa si wenye magari. Wenye magari wanapiga makofi tu na kupita. Wanaonunua ni sisi, mafundi. Gari likitushinda tunakwenda pale mmoja mmoja, tukijifanya tunaomba kiberiti, na chupa inaingia ndani ya ovaroli. Gari linatoka limenyamaza, mwenyewe anafurahi, likirudi baada ya mwezi tunasema hilo ni tatizo jipya. Mchomeleaji tu ndiye hanunui, kwa sababu ubovu wa bati hauna sauti. Chupa anatujua wote, na hajawahi kumtaja hata mmoja. Hiyo ndiyo siri ya biashara yake, na ndiyo siri ya gereji. Wale waliomzunguka mezani wakidai ataje jina, nusu yao walikuwa wanatetemeka asilitaje.

Siku ile aliniuliza swali kabla hajanipa. Aliniuliza injini inagonga au inatoa moshi tu? Akasema kama inagonga haniuzii, kwa sababu dawa yake haifufui beringi, itaficha tu, na gari litamfia mtu barabarani. Tapeli wa koti jeupe ndiye aliyeniambia hivyo! Nikamwambia haigongi, ni moshi. Akaniuliza ni gari la nani. Nikamwambia la mteja kutoka mbali. Akanipa. Nikarudi nikamimina yote, halafu nikaona haitoshi, nikaenda kuchukua ya pili, akanitazama lakini akanipa. Chupa tupu nilizifukia kwenye pipa la matambara. Asubuhi Mzee Taratibu akanipa mkono.

Kwa hiyo yale maneno arobaini ya mzee niliyaiba. Ile safari ya kurudi nyumbani kwa miguu na Baba niliiba. Yule mama mshonaji amekaa ndani anaamini mikono yake ni ya kuua, na angeweza kufa kweli kwenye mlima ule, na Baba pamoja naye, nami ningesimama kaburini nikilaani dawa. Na Chupa, nilipokuwa nikimpigia kelele usoni mwake, alinitazama mara moja tu. Hakunikonyeza, hakunitisha. Alinitazama kama anayesubiri mtu amalize kuongea. Halafu akasema wateja wake hawataji.

Nimejiuliza kama nikuombe wewe umwandikie Baba. Ndiyo maana nilianza barua hii kwa madaha yote yale, nikidhani nitakufikisha huku umeshacheka, ukiwa laini, ukubali. Lakini barua itakufikia wiki ijayo, na kikao ni Jumamosi. Basi bahasha siifungi. Kumwambia kwa mdomo siwezi, nimejaribu jana akiwa anapiga viatu rangi, nikaishia kumwambia rangi hiyo ni nzuri. Nitaiweka mezani kwake sasa hivi, juu ya miwani yake, halafu nitakwenda kwa Mzee Taratibu na baada ya hapo kwa yule mama mshonaji, na Baba akimaliza kuisoma ndiyo itatiwa stempu ije kwako. Kama juu ya maneno haya utaona mwandiko wake, ujue amesoma. Kama hutauona, ujue pia amesoma.

Usiweke dawa kwenye gari lako. Badilisha viraba. Msalimie jirani wa redio, na huyo muuguzi mwenzako mwambie nimemsamehe. Mama amesema ule. Mgongo uukande kwa maji ya moto kabla ya kulala, usijifanye chuma.

Injini itashushwa na kufunguliwa, na mzee akinikubalia nitaifunga tena kwa mikono hii hii, taratibu. Hata ingetobolewa pande zote mbili isingeninyima usingizi. Kisichonipa usingizi ni kwamba Baba alipoinua mkono wake, mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilijua anataka kusema nini. Alivuta pumzi kwanza, kama anavyovuta kabla ya kumwambia mwanafunzi aachie klachi. Nilikuwa na nafasi ya kuushika ule mkono nikaushusha. Sikuushika.

Ni mimi, mdogo wako,
Fundi Midomo